Nilimpandisha mamangu Shimba Hills akaitazama bahari kutoka juu: mwenye nia ya kwenda, uzi ni huu

Mvita Kale (mleta uzi)

Jamani salaam. Jambo hili nimelikalia wiki mbili nikisema kesho nitaandika, kesho nitaandika. Leo mvua imetufungia ndani hapa Tudor, Mombasa, chai ya tangawizi iko mezani, basi nalitoa lote.

Mamangu ana miaka 71. Alizaliwa Mtongwe, akaolewa kisiwani, akatulea sisi watano Majengo. Babake alikuwa mvuvi wa mshipi. Tangu tukiwa wadogo mama akitusimulia kuwa babu akishatoka nje ya mwamba, kule mbali ambako minazi ya ufuoni haionekani tena, jicho lake lilikuwa kwenye mlima wa Kwale. Ule mgongo mweusi ulionyooka juu ya nchi ndio uliokuwa ukimwambia nyumbani ni wapi. Siku ambayo mgongo umefunikwa na mawingu, babu alirudi mapema.

Mlima wenyewe ni Shimba. Na mama, katika miaka yake yote 71, hakuwahi kuupanda. Kwale mjini amefika kwa harusi mbili na matanga mamoja, lakini ndani ya hifadhi hata langoni hakufika. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "Kule ni kwa wageni, mwanangu. Sisi twende tukatazame nini?"

Jibu hilo lilinikaa kooni. Kutoka Likoni mpaka Kwale, njia ikiwa wazi, ni mwendo wa chini ya saa moja. Watu wanatoka Ulaya kwa ndege kuja kuuona, na sisi tulio chini yake twasema ni wa wageni. Nikasema safari hii mama anapanda.

Tulikuwa watu sita: mama, dada yangu mkubwa, wajukuu wawili, mimi na dereva. Tulitoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri, feri tukaipata bila foleni, tukapita Ng'ombeni na Waa, na pale Kombani tukaiacha barabara ya Ukunda tukakunja kulia. Hapo ndipo gari linapoanza kupanda. Minazi inazidi kuachana, mikorosho na miembe inaingia, halafu hewa yenyewe inabadilika. Usiku ule tulikuwa tumelala na feni mbili. Tulipofika Kwale mama akaomba leso ya pili ajifunike mabega.

Tulipoingia hifadhini ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu, hatuoni hata mita mia mbele. Dereva akasema tumekuja bure. Askari wa wanyamapori aliyekuwa langoni akamwambia, "Nendeni polepole. Jua likipata nguvu, mtaona." Basi tukaenda polepole. Katika uwanda mmoja wa nyasi, ukungu ukiwa bado haujaondoka, tukamwona palahala dume amesimama kando ya njia. Weusi wa kung'aa, tumbo jeupe, na pembe zimepinda kurudi nyuma kama majambia mawili. Wajukuu waliacha kuongea. Mjue kwamba Kenya nzima, palahala wa porini wamesalia katika mlima huu peke yake. Ukimwona hapa, umeona kitu ambacho Maasai Mara hakipo.

Tukafika Pengo. Hapo ndipo juu kabisa, zaidi ya mita 400 kutoka usawa wa bahari. Ni urefu wa kawaida ukiulinganisha na milima ya bara, lakini nchi ya chini yake ni tambarare mpaka pwani, hakuna kinachokuzuia. Ilikuwa kama saa nne kasoro hivi. Ukungu ukaanza kukunjwa kutoka chini, kwanza tukaona vilele vya miti, halafu mabonde, halafu mashamba ya watu na mabati yakimetameta, halafu mstari wa minazi, na nyuma ya minazi, bahari.

Mama amekaa kando ya bahari maisha yake yote lakini hakuwahi kuiona imelala hivyo. Ukiwa ufuoni Mama Ngina, pale kisiwani, bahari iko usoni pako, unaona kipande. Ukiwa kule juu unaiona kutoka kona moja ya macho hadi nyingine. Mama alisimama muda mrefu, ameshika mkono wa mjukuu. Kisha akauliza, "Mtongwe ni wapi?" Nikamwonyesha kushoto, mbali, kaskazini mashariki, ambako nchi inafifia. Akaomba darubini. Hakutafuta nyumba. Alikuwa akitafuta ule mstari mweupe wa mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba. Alipoupata akasema, "Nje ya hapo ndipo babangu akienda." Akakaa chini juu ya leso, akanyanyua mikono akamsomea Fatiha.

Sikuwa nimepanga hayo. Nilidhani nampeleka kutembea. Lakini mzee yule aliutazama mlima huu kutoka majini kwa miaka yake yote ya kazi, ukamrudisha nyumbani kila siku, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa angeweza kuupanda na kuitazama bahari yake kutoka upande wa pili.

Kuna na la maji. Sisi watu wa Mombasa tumekunywa maji ya mlima huu kwa vizazi. Chemchemi za Marere ziko huko, na bomba la Marere lilileta maji kisiwani miaka mingi kabla ya lile la chemchemi za Mzima kule Tsavo. Mama anakumbuka wazee wakisema "maji ya Marere" walipokuwa wakisifu maji matamu ya mfereji. Ukipita chini ya miti ile mikubwa, na umande unadondoka majanini ingawa hakuna mvua, unaelewa maji yale yalikuwa yakitoka wapi. Kwa hivyo mtu akiniambia Shimba ni ya wageni, nitamuuliza, wewe umekuwa ukinywa nini?

Sasa nieleze na lililotuudhi. Tulikubaliana na mwenye gari kuwa ataleta gari la juu, lenye nguvu magurudumu yote manne. Asubuhi likaja gari la chini, la kuendea ofisini. Tulikuwa tumechelewa, tukakubali. Ndani ya hifadhi njia ni za udongo, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Mara mbili sote tulishuka isipokuwa mama, tukasukuma, huku tunageuka nyuma kila dakika kwa hofu ya ndovu. Msikubali gari mnalopewa asubuhi ikiwa silo mlilopatana. Heri kuahirisha.

Maporomoko ya Sheldrick nayo yako huko, maji yanaanguka mita 21. Mnakwenda kwa miguu na askari mwenye bunduki, kama kilomita mbili kushuka bondeni. Mama hakwenda, alibaki na dada yangu. Mimi na vijana tulikwenda, tukaoga pale chini, maji baridi mpaka mifupa. Kushuka ni rahisi. Kurudi ndiko kunakokuonyesha umri wako.

Mwenye swali aulize. Nitajibu ninalolijua.

Binti Kisauni

Hongera dada, na mama Mungu amuweke. Hapo penye Fatiha nimelia.

Swali langu: mimi sina gari wala sina uwezo wa kukodi peke yangu. Nina watoto wawili, mmoja miaka tisa, mwingine sita. Yawezekana kwenda kwa matatu? Na malipo ya kuingia yakoje, nisije nikafika langoni nikaaibika mbele ya wanangu?

Mvita Kale (mleta uzi)

Ahsante mpenzi. Matatu za Kwale zipo Likoni upande wa ng'ambo, unashuka Kwale mjini bila shida. Tatizo ni baada ya hapo. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kutembea kwa miguu ovyo kwa sababu ya ndovu na nyati, lazima uwe na gari. Njia nzuri kwa watu wa kipato chetu ni kukusanyana. Jirani zako, walimu wa shule ya watoto, kina mama wa chama. Mkifika watu kumi na wanne mnakodi matatu nzima kwa siku, na kila mtu anatoa sehemu ndogo. Muulizeni mwenye matatu mapema kama yuko tayari kuingia njia ya udongo, wengine hawataki.

Malipo yanafanyika kwenye eCitizen, ule mtandao wa serikali, hawapokei pesa taslimu. Fungua ukurasa ukiwa nyumbani, angalia bei ya siku hiyo ya raia mkubwa na ya mtoto, lipa kabisa ukiwa na mtandao mzuri. Usisahau kitambulisho cha taifa, bila hicho hutatambuliwa kuwa raia na bei ya mgeni ni nyingine kabisa.

Jambo jingine kwa watoto: chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote tangu tarehe 5 Juni 2020. Tia maji kwenye chupa za chuma au zile ngumu za shule. Vikombe na sahani za kutupa pia acheni nyumbani. Sisi tulibeba sahani za bati, mahamri kwenye kitambaa, na viazi vya karai kwenye bakuli lenye kifuniko.

Dereva wa Likoni

Naongezea kwa upande wa barabara kwa sababu njia hiyo naipita kila siku.

Anayetoka Changamwe, Miritini, Jomvu au Mikindani asijisumbue kuingia kisiwani kutafuta feri. Barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini, unavuka madaraja ya Mwache na Mteza, unatokea Kibundani upande wa kusini. Kwa mtu wa kisiwani feri bado ni karibu, lakini uwahi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kurudi Jumapili jioni ni foleni ya watu wa Diani, usimpangie mgonjwa wala mtoto mchanga.

Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, mimi siingii kule na gari la chini hata unilipe mara mbili. Udongo ule ukilowa unateleza kama sabuni. Wakati mzuri kwa gari la kawaida ni Januari na Februari, kaskazi ikivuma, njia zimekauka. Lakini hata hapo muulizeni askari langoni njia ipi inapitika. Wao wanajua, na hawafichi.

Mnyika wa Voi

Dada, simulizi yako nzuri na mama namuombea afya. Lakini kwa heshima, hicho ni kilima. Watu wa Mombasa mkitaka kutazama nchi kutoka juu, pandeni huku kwetu. Tsavo Magharibi kuna mahali panaitwa Poacher's Lookout, unasimama juu asubuhi na mapema unauona Kilimanjaro wote, mita 5,895, na theluji yake, na upande wa pili milima ya Chyulu imejipanga kijani. Kuna Roaring Rocks, jabali lenye ukingo wa mita 98 kwenda chini, upepo na nyenze wanalia humo mpaka unadhani mwamba ndio unaonguruma. Na kuna ile lava nyeusi ya Shetani, nchi iliyoungua.

Na ukizungumzia maji, Mzima ndiyo inayowanywesha Mombasa. Mvua inanyesha Chyulu, inapita chini ya mawe ya volkano, inatokea Mzima ikiwa safi kama kioo. Hilo nalo mkalione.

Mvita Kale (mleta uzi)

Kaka, sina ugomvi na Tsavo. Nimefika Mzima nikiwa shule, nimewaona viboko kwenye maji yale unayoyasema, na ni kweli ni ajabu ya Mungu. Kilimanjaro sijakiona kutoka hapo Poacher's Lookout na ninakitamani.

Lakini fikiria mama wa miaka 71 mwenye magoti mabovu. Kutoka Mombasa hadi Mtito Andei ni kilomita 240 hivi, kisha uingie ndani. Atafika amechoka, atalala huko, na hiyo ni gharama ya familia yetu kwa miezi. Shimba tulikwenda na kurudi siku moja, jioni akaswali Magharibi nyumbani kwake. Na la pili, kutoka Tsavo angeuona mlima wa watu wengine. Pale Pengo aliona kaburi la babake, kwa maana babu alizama, hakuzikwa. Sikulitaja hilo mwanzoni. Nimelitaja sasa ili uelewe kwa nini kwetu urefu wa mlima haukuwa na uzito.

Mnyika wa Voi

Nimeelewa dada. Samahani sana. Mungu amrehemu mzee.

Mkija Voi siku moja, nitawaongoza mwenyewe.

Mwenyeji Kwale

Mimi ni Mdigo, nimezaliwa karibu na uzio wa hifadhi, nasoma uzi huu tangu jana. Dada, umesema watu wa Mombasa mnadhani Shimba ni ya wageni. Hata sisi tulio kando yake kuna wakati tulidhani hivyo hivyo, na sababu zetu ni nzito kidogo. Naomba mnivumilie nieleze, maana mtu akija kutazama mandhari ni vyema ajue anachokitazama.

Msitu ule ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1903, ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Kabla ya tarehe hizo ulikuwa msitu wa wazee wetu. Humo ndani na pembezoni kuna makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambako watu waliishi na kuzikana. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Unaposimama pale juu ukatazama chini na kuona kichaka kimoja kimesimama kizito katikati ya mashamba, kimeachwa bila kuguswa, mara nyingi ni kaya. Msiingie kaya bila mzee wa kaya. Si kwa ajili ya bunduki, ni kwa ajili ya adabu. Mwenye kutaka kuingia na kufundishwa, iko Kaya Kinondo kule Diani, wazee wenyewe wanapokea wageni, utafungwa kaniki nyeusi kiunoni na utaelezwa lipi linafaa na lipi halifai.

La pili ni ndovu. Mgeni akimwona ndovu anafurahi. Nyanya yangu akimsikia ndovu usiku, anaamka kupiga debe. Nikiwa mtoto tulilala mahindi yakiwa yamesimama, tukaamka shamba ni kama limefyekwa, na mnazi wa miaka kumi umeng'olewa. Ndovu walikuwa wengi kuliko msitu ulivyoweza kuwalisha. Mwaka 2005 serikali ilihamisha ndovu 150 kutoka Shimba ikawapeleka Tsavo Mashariki, tukayaona malori yakipita. Uzio wa umeme umesaidia. Haujamaliza. Ndovu ana akili, anasukuma mti uangukie waya kisha anapita.

Ndiyo maana napenda watu waende pia Mwaluganje, upande wa kaskazini wa mlima. Kule, katika miaka ya 1990, wenye mashamba, Waduruma na Wadigo, walikubaliana kuacha kulima katika njia ya ndovu na kuifanya hifadhi yao wenyewe, iliyoungana na Shimba. Mgeni akilipa, fedha inakwenda kwa wenye ardhi. Kuna miaka wageni walikuwa wachache na watu wakajuta. Ukienda wewe wa Mombasa, pesa yako ni sawa na ya Mzungu kwa yule mama aliyeacha kupanda mahindi.

Na mkipita Kwale mjini, simameni. Nunueni machungwa, nunueni korosho, kuleni wali wa nazi hapo. Msipande na kushuka kama kwamba mji haupo.

Mvita Kale (mleta uzi)

Kaka, nimesoma mara mbili, ya pili nikamsomea mama kwa sauti. Amesema nikwambie kwamba harusi moja kati ya zile mbili alizohudhuria Kwale, bibi harusi alikuwa Mdigo, na sasa ana wajukuu wanaosema Kidigo kumshinda. Sisi tulipita Kwale bila kusimama. Ni kosa letu, tulikuwa na haraka ya kuwahi feri. Safari ijayo wali wa nazi tunaula hapo.

Mwalimu wa Mimea

Nafundisha baiolojia sekondari hapa kisiwani na huwapeleka wanafunzi Shimba nikipata nafasi. Nieleze kidogo kuhusu ule ukungu, kwa sababu watu wengi wanafika asubuhi, hawaoni kitu, wanageuza gari.

Upepo wa bahari unakuja na unyevu. Ukikuta nchi tambarare unapita. Ukikuta mgongo wa Shimba unalazimika kupanda, na hewa ikipanda inapoa, na ikipoa unyevu wake unakuwa wingu. Kwa hiyo wingu lile limetengenezwa hapo hapo na mlima. Majani yanalikamata, linadondoka, ndio huo umande aliousema mleta uzi. Usiku baridi inazidi, basi alfajiri linakuwa zito kabisa. Jua likishapasha ardhi, linanyanyuka. Wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Agosti, linaweza kukaa hadi saa tano au siku nzima. Pangeni kukaa, msipange kupita.

Na ukigeuka ukautazama upande wa magharibi, unakoelekea Kinango na mbele yake Taru, utaona nchi imebadilika rangi. Kijani kinaisha, kahawia inaanza. Mlima umeshachukua sehemu yake ya mvua. Wanafunzi wangu niliwafundisha jambo hili darasani kwa wiki nzima hawakulishika. Pale juu waligeuza shingo mara moja wakaelewa.

Kwa mimea, Shimba ni hazina. Zaidi ya nusu ya mimea adimu ya Kenya inapatikana humo. Mtafute mmea unaofanana na mnazi mfupi mnene, majani magumu yenye miiba, na katikati una kitu kama nanasi kubwa. Jina lake la kitaalamu ni Encephalartos hildebrandtii. Ni wa ukoo ulioishi duniani tangu zama za dinosaria, kabla ya maua kuwapo. Msing'oe, hata mche mdogo. Kuna watu wanaiba wakauze.

Angalizo: mbung'o wapo, hasa njia zinapopita kwenye vichaka vizito. Wanapenda rangi ya buluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni rangi za udongo au majani makavu, mikono mirefu, na mpandishe vioo mkipita vichakani. Mkisimama wazi juu kwenye upepo hawasumbui.

Dereva wa Likoni

Hilo la rangi ni kweli kabisa mwalimu. Nina shati la buluu la kazi, nililivaa siku moja, nilirudi mgongo umevimba. Sikujua sababu mpaka leo.

Binti Kisauni

Narudi kutoa habari. Tumekwenda Jumamosi iliyopita, watu kumi na watatu, matatu ya jirani yetu, na malipo nilifanya Ijumaa usiku kama nilivyoelekezwa.

Hatukuiona bahari. Tulifika Pengo saa tatu na nusu, ukungu. Saa nne, ukungu. Tukala, tukaimba, watoto wakacheza karibu na gari. Saa tano na nusu ukafunguka kidogo upande wa bonde, tukaona msitu tu, na mbega weusi wenye mabega meupe wanaruka kutoka mti hadi mti. Halafu ukafunga tena. Saa saba dereva akataka kuondoka.

Nilihofia watoto watalalamika. Mdogo, huyu wa miaka sita, alisimama mdomo wazi akawa anaulamba ule ukungu. Akaniuliza, "Mama, haya ndiyo maji ya kwetu?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo hayo kabla hayajashuka. Usiku nyumbani alifungua mfereji akasikiliza.

Na tulikula Kwale, kaka Mwenyeji. Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Watoto wanaulizia tena.

Mwenyeji Kwale

Karibuni tena. Bahari itakuwapo.

Mvita Kale (mleta uzi)

Binti Kisauni umenifurahisha sana leo. Mfereji wetu huku Tudor una siku tatu hautoi kitu, lakini habari ya mtoto huyo imenituliza.

Wengi mmenitumia ujumbe kuuliza kama nitakwenda tena. Ndiyo. Mama ana dadake mdogo, mama mdogo wetu, anaishi Likoni na amekuwa akisikia habari hii kila siku kwenye simu mpaka amechoka kusikia, sasa anataka kuona. Tunakwenda Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, na safari hii gari nimelikagua kwa macho yangu na kupanda ndani yake. Baada ya Shimba tutapita Mwaluganje ikiwa muda utaruhusu. Zimebaki nafasi nne. Nawapa kwanza wenye wazazi wazee ambao hawajawahi kupanda. Vijana mtapata safari nyingine.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tuwe tumeshavuka Likoni, tunawachukua wa ng'ambo pale pale. Mahamri mama atapika mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Mbaazi aje nazo mtu mwingine, na zije kwenye sufuria, si kwenye plastiki.